Mdogo wangu anataka kusomea historia ya sanaa, picha za Kitaliano za zamani. Hii ni kazi kweli?

Kaka_Makambako

Wakuu habari za Jumapili. Nimekuja na jambo la kifamilia naomba mnisome mpaka mwisho. Mdogo wangu wa kike kamaliza digrii ya historia hapa Dar, kapata nafasi ya masta Italia, pale Rome, historia ya sanaa, na siyo sanaa kwa ujumla, anataka abobee kwenye picha za kuchora za Kitaliano za miaka ya 1500 na 1600, akina Caravaggio, Guercino na wengine ambao majina siwezi kuyatamka. Barua ya chuo anayo. Mzee kagoma. Anasema hajauza mbao miaka yote hiyo ili mtoto aende Ulaya kuangalia picha za watu waliokufa miaka mia nne iliyopita, bora hata angeenda kuwaangalia walio hai. Mama yeye swali lake ni moja tu, atarudi?

Sasa mimi kaka mtu ndo nimetwishwa kazi ya kuongea na mzee, na mimi ni mtu wa nondo na simenti, picha nazijua za kwenye kalenda. Nikimuuliza mwenyewe atafanya kazi gani ananianzia habari za mwanga na kivuli mpaka simu inaisha chaji. Nikaona nije huku. Hawa wanaoitwa wanahistoria wa sanaa wakiamka asubuhi wanafanya nini hasa? Nani anawalipa? Na yupo aliyeifanya hiyo kazi maisha yake yote bila kuwa tajiri tangu kwao? Nipeni watu wa kweli waliokuwepo, nadharia mzee hasikilizi. Wa kuja kucheka karibuni pia ila msijaze uzi.

Chura_wa_Bonde

Asome ugavi. Nimemaliza.

Shangazi_Bologna

Mwanangu wa Makambako, mimi ni mtu wa Tanga, niko huku Bologna muda mrefu sasa, nafanya kazi maktaba kwenye sehemu ya picha na majalada, kwa hiyo hao watu unaowaulizia ndo wateja wangu wa kila siku, nawajua mpaka wanavyokohoa.

Kwanza mtoe mzee kwenye wazo la "kuangalia picha". Kuangalia kupo lakini sehemu kubwa ya siku ni karatasi. Mtu anaingia kwenye hifadhi ya nyaraka, anajaza fomu, analetewa bunda la mwandishi wa mikataba wa mwaka 1610 limefungwa utepe, humo ndani karatasi zina matundu kwa sababu wino wa zamani ulitengenezwa kwa madini ya chuma na unaila karatasi yenyewe, mwandiko kama kuku kapita kwenye tope, Kilatini kimechanganyika na Kitaliano cha mtaani, na yeye anatafuta jina moja tu. Anaweza kumaliza wiki hajalipata. Akilipata ndo anajua picha aliagiza nani, alilipa shilingi ngapi, ilitundikwa chumba gani, mwenyewe alipokufa ikaenda kwa mtoto yupi.

Kwa nini ahangaike hivyo? Kwa sababu picha nyingi za enzi hizo hazina sahihi. Caravaggio mwenyewe, katika picha zake zote zinazojulikana, ni moja tu aliyotia sahihi, ile iko Malta, kanisa la pale Valletta, Yohana Mbatizaji anakatwa kichwa, aliichora 1608, na jina lake kaliandika kwa ile damu inayochuruzika toka shingoni. Hizo nyingine zote lazima mtu atokee athibitishe, ama kwa karatasi, ama kwa jicho, ama kwa eksirei, na mara nyingi kwa vyote vitatu na ugomvi juu.

Halafu huyo Guercino aliyemtaja mdogo wako ni wa huku kwetu. Kazaliwa 1591 Cento, mji mdogo jirani hapa, jina lenyewe ni la utani maana alikuwa na makengeza. Yeye na ndugu yake waliacha daftari la hesabu, linaanza 1629 linakwenda mpaka alipofariki 1666, kila picha imeandikwa nani kalipa, kiasi gani, lini. Na bei yake alikuwa anapanga kwa idadi ya watu waliomo kwenye picha! Mtu wa mwili mzima dukatoni 100 hivi (sarafu ya fedha ya enzi hizo), wa nusu mwili nusu yake, kichwa peke yake robo. Mteja akitaka malaika wa nyongeza anamlipia malaika. Hili mwambie mzee, mtu aliyeuza mbao kwa futi atalielewa kabla hujamaliza sentensi.

Sasa umetaka mfano wa mtu. Guercino alikuwa anasifiwa sana zamani, halafu karne ya 19 yeye na wenzake wote wa Bologna wakageuka takataka, wasomi wa Uingereza walikuwa wanawaona wa bandia, wanaigiza machozi. Katokea kijana wa London, Denis Mahon, mwaka 1934 akanunua Paris picha ya Guercino ya Yakobo akiwabariki watoto wa Yusufu, ile ambayo mzee kapishanisha mikono, mkono wa kulia unakwenda kwa mdogo, kwa pauni 120 hivi. Miaka miwili baadaye akaipata nyingine toka kwa ukoo wa Barberini wa Rome, Eliya akilishwa na kunguru, pauni 200. Akawapelekea Makumbusho ya Taifa pale London ichukueni, wakaikataa, mkuu wa makumbusho alijua wadhamini wake hawatakubali kitu kama kile. Leo hiyo hiyo imetundikwa humo humo ndani watu wanapanga foleni. Mahon aliishi miaka mia moja, 1910 mpaka 2011, na karibu yote kaimaliza kwa Guercino na wenzake, 1947 katoa kitabu kikubwa, 1968 kaandaa hapa Bologna maonyesho ya Guercino ambayo wazee wa hapa wanayazungumza mpaka leo.

Hesabu_Kwanza

Shangazi heshima yako, lakini umeruka kipande. Huyo Mahon kwao ni benki. Guinness Mahon, ile benki ya ukoo. Hakuwahi kuhitaji mshahara. Kaka mtu kauliza wazi, aliyefanya bila kuwa tajiri tangu kwao, wewe umemletea mtoto wa benki.

Na wale ambao hawakuwa na pesa ya kwao walivyoipata tuseme basi. Bernard Berenson. Huyu ni Myahudi wa Lithuania, kazaliwa 1865, wazazi hohehahe, wakahamia Boston akiwa na miaka kumi, akili nyingi akaingia Harvard, akaja Italia akawa ndiye mtu wa kwanza duniani kwa kusema hii picha ni ya nani. Orodha zake za wachoraji wa Renesansi, yaani Italia ya miaka ya 1400 na 1500, watu walizitumia kama msahafu. Sasa kipato? Alikuwa na mkataba wa siri na Joseph Duveen, mfanyabiashara wa picha aliyekuwa anawauzia matajiri wa Marekani, kuanzia 1912 anapata asilimia 25 ya faida. Yaani wewe unasema picha hii ni ya fulani, ikiwa ya fulani bei inapanda mara kumi, na wewe una chako humo, halafu mnunuzi hajui. Wakaja kugombana 1937 kwa picha moja ya wachungaji wakimsujudia mtoto Yesu, Duveen anataka iwe ya Giorgione, mchoraji wa Venice, kwa sababu za Giorgione ni chache mno hivyo ni ghali, Berenson anasema hii ni ya Tiziano, mchoraji mwingine wa huko huko, akiwa kijana. Duveen akaiuza kama Giorgione, iko Washington hivi sasa, na urafiki ukaishia hapo.

Kwa hiyo mzee ana hoja. Ama uwe na benki ya baba ama ujiingize kwenye biashara.

Shangazi_Bologna

Hesabu una haki kuhusu benki, sijakataa, ila malizia na wewe. Zile picha Mahon hakumwachia mtoto wala kuuza. Aliziacha kwa umma kwa masharti mawili, makumbusho itakayoweka viingilio inanyang'anywa na itakayouza vitu vyake inanyang'anywa. Picha 57 ziligawanywa makumbusho sita za Uingereza na Scotland kwa utaratibu huo, na ile ya Yakobo ikaenda Dublin. Mawaziri walikuwa wanamwogopa mzee wa watu, kila wakigusia viingilio anawakumbusha picha zake.

Na Berenson nyumba yake ile ya nje ya Florence, I Tatti, kaiacha kwa Harvard alipofariki 1959, na mpaka leo kila mwaka wanapokea watafiti toka nchi mbalimbali wanakaa wanasoma wanalipwa. Huyo binti aijue hiyo mapema.

Mwl_Kigamboni

Wote wawili mmewasahau walimu. Roberto Longhi. Kazaliwa Alba 1890, kwao walikuwa walimu si mabwanyenye. 1911 kamaliza chuo Turin kwa kuandika tasnifu juu ya Caravaggio, na kaka elewa hapo, mwaka huo kumwandikia Caravaggio tasnifu ni kitu ambacho maprofesa wengi wangekwambia unapoteza muda, jamaa alikuwa anatajwa kama mhuni aliyeua mtu Rome 1606 akatoroka mji, mchoraji wa miguu michafu. Longhi akaajiriwa kufundisha sekondari Rome. Ndiyo, sekondari, chaki na daftari kama mimi. 1916 akatoa makala ndefu kuhusu wachoraji wawili, Gentileschi baba na binti, na yule binti ni Artemisia ambaye alikuwa amesahaulika kabisa, picha zake zilikuwa zimeandikwa majina ya wanaume. Mwaka 2018 Makumbusho ya Taifa ya London wamenunua picha moja ya Artemisia kwa pauni milioni 3.6. Ule mstari unaanzia kwenye makala ya mwalimu wa sekondari.

Baadaye 1934 ndo akapata uprofesa hapo hapo Bologna kwa Shangazi, anazima taa darasani anaonyesha picha ukutani anazieleza, na kwenye viti alikuwepo kijana Pasolini ambaye baadaye alikuja kutengeneza filamu na moja akamtolea mwalimu wake huyo. 1951 Longhi akaandaa Milan maonyesho ya Caravaggio na wafuasi wake, jumba la Palazzo Reale, watu wakafurika, na toka hapo Caravaggio ndo akawa huyu tunayemjua wa kwenye fulana. Miaka arobaini toka tasnifu mpaka maonyesho. Hiyo ndo kazi ya maisha.

Sisemi alikuwa maskini mpaka mwisho, hapana, na yeye alikuwa anaombwa ushauri na wakusanyaji na alijua kununua, nyumbani kwake Florence alikuwa na Caravaggio ya yule kijana anayeng'atwa kidole na mjusi, bado iko humo humo. Ila hakuanza na benki.

Mtu_wa_Kisauni

Mimi niulize tu bila ubaya. Haya yote yatuhusu nini sisi? Msichana wa Kiafrika asome miaka mitano mambo ya makadinali na mapapa, kwao Njombe atayapeleka wapi? Ya kwetu nani ayasome? Lamu kuna milango ya nakshi inaoza mvuani hakuna hata mmoja wa kuiandika.

Ingawa nikumbushe, ile Fort Jesus yetu hapa Mombasa mchoro wake ni wa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati wa Milan, Wareno ndio waliomwajiri wakaanza kujenga 1593. Kwa hiyo labda twahusiana kwa kuta.

Papa_Lushi

Miye niko Lubumbashi. Bandugu, uyu wa Kisauni anasema ile picha haituangalie, nataka nimwambie kitu. Mwaka 1608 kulikufia Roma balozi wa mfalme wa Kongo, jina yake Antonio Manuel Ne Vunda. Mfalme Álvaro II njo alimutuma kwa Papa, safari ikamuchukua miaka kwa sababu ya bahari na mambo ya Wahispania na Wareno, akafika Roma mwezi wa kwanza mugonjwa sana, kisha siku kidogo tu akakufa, na Papa Paulo wa tano alikuya kumuona kwa kitanda. Wakamuzika kanisa ya Santa Maria Maggiore. Kule mpaka leo kuko sanamu yake, kichwa na kifua, uso wa jiwe nyeusi, na nguo yake walichonga sawa wavu. Tena kwa jumba ya Quirinale, kwenye raisi wa Italia anakaa sasa, kuko sale (chumba) moja kubwa walichora mabalozi wa inchi za mbali kule juu kwa ukuta, 1616 na 1617, na Mukongo naye iko pale anaangalia chini.

Kongo yenyewe ya wakati ule si huku kwetu Katanga, mji wao mukubwa Mbanza Kongo leo iko Angola. Lakini nani alitafuta mambo yote haya, nani alisoma barua za wale mapadri ili ajue ule mutu kwa ukuta ni nani? Ni watu wa ile kazi. Na wengi wao si watu weusi. Kama uyu dada ataenda, akifika mbele ya ile ukuta yeye atauliza swali ingine.

Mtu_wa_Kisauni

Hili la balozi sikulijua. Milango ya Lamu bado lakini.

Nyaraka_Kavu

Kaka Makambako, acha nikupe ile ya kumpelekea mzee moja kwa moja, maana ina wanafunzi wasio na pesa na ina mwisho mzuri.

Mwaka 1989 wanafunzi wawili wa kike wa chuo kikuu cha Rome, Francesca Cappelletti na Laura Testa, walikuwa kwenye mradi wa kutafuta asili ya picha ya Yohana Mbatizaji ya Caravaggio. Ziko mbili zinafanana kama mapacha, moja Makumbusho ya Capitolini nyingine jumba la picha la Doria Pamphilj, zote Rome, na ugomvi ulikuwa ipi ni yake na ipi ni nakala. Picha ilianzia kwa ukoo wa Mattei kwa hiyo wakasema twende kwenye karatasi za Mattei. Karatasi hazikuwa Rome, zilikuwa Recanati, mji wa kilimani upande wa bahari ya Adriatiki, chini ya jumba la mama mmoja wa ukoo huo, ghalani huko, unyevunyevu. Wakafungua madaftari ya matumizi ya Ciriaco Mattei. Wakayakuta ya Yohana, sawa, lakini wakakuta na mstari mwingine, 2 Januari 1603, skudi 125 (sarafu ya Rome ya enzi hizo) kwa Caravaggio, picha ya Kristo anakamatwa bustanini pamoja na fremu yake.

Sasa hiyo picha dunia nzima ilijua ipo kwa sababu kulikuwa na nakala, Longhi huyo huyo wa Mwalimu alishaiandikia kupitia nakala, ila yenyewe ilipotea. Mabinti wakaanza kuifuata kwenye orodha za mali za ukoo, kizazi kwa kizazi, iko, iko, iko, mpaka 1793 mwandishi wa orodha akakosea jina, akaandika ni ya Mholanzi Gerrit van Honthorst. Pale ndo ilipopotelea! Kwa jina tu. 1802 ukoo pesa zimekata wakaiuza pamoja na nyingine kwa Mskoti mmoja, Hamilton Nisbet, bado na jina la Honthorst, ikaenda Scotland, na huko njia ikafia.

Kumbe huku Dublin mapadre Wajesuiti wana picha chumba cha kulia, nyumba yao ya Leeson Street, wanakula chini yake kila siku toka miaka ya 1930, waliipewa zawadi na daktari mmoja wa watoto, mjane, mumewe alikuwa afisa wa polisi aliuawa kwa risasi 1920 wakati wa vita vya uhuru wa Ireland, na picha huyo mama aliinunua Edinburgh. Moshi na masizi vimeifunika imekuwa kahawia. 1990 mapadre wakamwita Sergio Benedetti, Mtaliano, fundi wa kukarabati picha pale Makumbusho ya Taifa ya Ireland, aje aone kama kuna cha kusafisha. Alipoiona akanyamaza. Wakaichukua, wakaisafisha polepole, eksirei wakapiga, wakaona mahali mchoraji alipobadili mawazo, kwa mfano sikio la Yuda alilihamisha, kitu ambacho anayenakili hakifanyi maana yeye anaiga kilichokwisha amuliwa. Benedetti jicho analo, ila mahakama ya wasomi haiendi na jicho tu, alihitaji karatasi, na karatasi ni zile za mabinti wa Recanati, malipo, orodha, lile kosa la Honthorst, mauzo ya 1802. Vikaungana. 1993 picha ikazinduliwa Dublin na Wajesuiti wameiacha pale makumbusho watu wanaiona.

Na Cappelletti? Akawa profesa, na toka 2020 ni mkurugenzi wa Galleria Borghese, Rome, nyumba yenye Caravaggio sita. Alianza na daftari la matumizi ghalani.

Kaka_Makambako

Aisee. Hii ya Recanati nimeisoma kwa sauti hapa dukani wateja wamesimama.

Ila Hesabu kaniachia mwiba. Mdogo wangu akisema picha ni ya fulani na bei inapanda, yeye anapata ngapi? Na akikosea anashtakiwa?

Hesabu_Kwanza

Tuanze na kushtakiwa. Mahon wenu huyo huyo. Desemba 2006 mnada wa Sotheby's London uliuza picha ya wacheza karata kama nakala ya Caravaggio, yenyewe ya asili inajulikana iko Texas. Ikaenda kwa pauni 50,400 pamoja na ada zao. Mahon ndiye aliyekuwa nyuma ya mnunuzi, akaisafisha, 2007 akitimiza miaka 97 akatangaza hiyo siyo nakala, kaichora Caravaggio mwenyewe. Aliyeuza akapandwa na presha akawapeleka mnada mahakamani kwamba hawakuichunguza sawasawa. Januari 2015 jaji akamwangusha, akasema wataalamu wa mnada walikuwa na sababu ya kuiona duni na walifanya kazi yao. Kwa hiyo mtaalamu mkubwa kuliko wote kasema ndiyo na wengine wakubwa wakasema hapana, na mpaka leo ni hivyo. Hayo mambo ya Salvator Mundi, picha ya Yesu inayosemwa ni ya Leonardo da Vinci, sitaki hata kuyaanza, dola 1,175 mnadani New Orleans 2005 na dola milioni 450 huko New York 2017, na wapo maprofesa wanaosema Leonardo kaigusa kidogo tu.

Shangazi_Bologna

Na kupata ngapi, jibu la kawaida ni sifuri. Mwaka 2021 mnada mmoja wa Madrid ulitaka kuuza picha ya Yesu na taji la miiba, imeandikwa ni ya watu wa mduara wa mchoraji Ribera, yaani wanafunzi na wafuasi wake, bei ya kuanzia euro 1,500. Picha za kwenye katalogi zikaanza kurukaruka kwenye simu za wataalamu. Maria Cristina Terzaghi, profesa wa Roma Tre pale Rome ambaye kafanya Caravaggio na watu wa Napoli miaka na miaka, akapanda ndege akaenda kuiona kwa macho, akasema ni Caravaggio. Serikali ya Hispania ikaiondoa mnadani, ikaipiga marufuku kutoka nje ya nchi, 2024 ikawekwa makumbusho ya Prado, Madrid. Profesa karudi kusahihisha mitihani. Mshahara wake ni wa chuo, na ndiyo inavyotakiwa, ukiwa na chako ndani ya bei neno lako linapungua uzito, si umeona ya Berenson.

Haya sasa mambo ya chakula. Wanaolipwa wanalipwa na vyuo, makumbusho, idara za serikali za kulinda mali za kale, minada, na magazeti kidogo. Ushindani ni mkali kaka, sitakudanganya, Waitaliano wenyewe wana PhD wanasubiri mtihani wa serikali unaokuja mara moja moja, na nafasi nyingi za serikali zina masharti ya uraia. Wageni wamewahi kupewa makumbusho makubwa, 2015 Uffizi ilipewa Mjerumani, lakini hao walishakuwa na majina tayari. Binti akae akijua masta haitoshi, ni mpaka PhD, na hiyo asiifanye bila ufadhili. Rome kuna taasisi ya Kijerumani, Hertziana, maktaba ya historia ya sanaa ya Italia ambayo watafiti wanaililia, Florence kuna ndugu yake toka 1897. Hapa Bologna Federico Zeri alipofariki 1998 kaachia chuo kikuu picha zake za kumbukumbu, mamia ya maelfu, katalogi ziko kwenye intaneti bure kabisa, anaweza kuanza leo akiwa hapo Dar, achukue mchoraji mmoja wa daraja la pili ambaye hana mtu, siyo Caravaggio, Caravaggio ana foleni, amkariri mikono na masikio na mikunjo ya nguo.

Na masikio nasema kweli. Karne ya 19 alikuwepo Giovanni Morelli, kasomea udaktari, yeye ndo aliyesema usiangalie uso maana uso kila mtu anaiga, angalia kucha na ndewe la sikio, pale mchoraji anachora bila kufikiri. Kwa njia hiyo akaenda Dresden akaikuta Venus aliyelala imeandikwa nakala ya juujuu, akasema hii ni ya Giorgione, na mpaka leo hivyo ndivyo inavyoelezwa.

Mwl_Kigamboni

Niongezee la lugha. Kitaliano siyo hiari, na Kilatini cha kutosha kusoma mkataba, na masomo ya kusoma miandiko ya kale, asiyachukulie kama ya pembeni. Bila hayo atabaki kusoma walichosoma wengine.

Nyaraka_Kavu

Na ufadhili wa mkoa. Italia kila mkoa una fedha za wanafunzi wa kipato cha chini, wageni wanaruhusiwa kuomba, inasaidia ada, chakula kantini na bweni ukipata. Wanaangalia kipato cha familia, kwa hiyo mzee atatakiwa atoe karatasi za mapato na mali, zitafsiriwe zigongwe mihuri, anza sasa hivi maana hiyo ndo inayowaangusha watu siyo akili. Na mwaka wa kwanza asipofikisha idadi ya mitihani wanayotaka wanaudai ufadhili urudi.

Chura_wa_Bonde

Mimi nilisema ugavi ila hii ya mapadre kula chini ya Caravaggio imenikaa.

Kaka_Makambako

Wakuu nimerudi na ripoti. Nimempigia mzee jana usiku baada ya taarifa ya habari. Caravaggio hakumtaka, nilipotaja kuua mtu akasema basi. Benki ya Mahon akacheka. Recanati akasikiliza kimya mpaka mwisho, akauliza tu hao mabinti nauli ya kwenda huko walipewa na nani, sikuwa na jibu.

Ila Shangazi kilichomshika ni lile daftari la Guercino. Karudia mwenyewe, mwili mzima, nusu, kichwa. Halafu kaniuliza huyo fundi alikuwa anachukua avansi au analipwa kazi ikiisha, maana mtu asiyechukua avansi kwa wakubwa atakuwa alidhulumiwa. Nikamwambia nitauliza. Na karatasi za mapato kasema nimtumie orodha, hajasema ndiyo, kasema nimtumie.

Shangazi_Bologna

Mwambie alichukua. Kwenye daftari kabisa imeandikwa, huyu kaleta avansi ya picha ya altare, yule kamalizia, wengine wanaleta kwa vipande, wengine wanalipa kwa vidani na vyombo vya fedha. Na asiyeleta anasubiri zamu. Orodha ya karatasi nakutumia inboksi leo jioni nikitoka kazini.